Maua Yaliyonilipia Ada

(Hotuba iliyosomwa mjini Iringa, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia kunitaka nizungumze leo, ilinipa ruhusa ya kuchagua jambo lolote. Nadhani wengi walitazamia nitasema juu ya utumishi wa umma, maana ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi sasa. Lakini Mwenyekiti alinipigia simu akanionya: "Ndugu, tafadhali usituletee waraka." Basi sikuleta waraka. Nimeamua kuzungumza juu ya maua. Naona Kidato cha Nne wanacheka. Chekeni tu, hata mimi ningecheka nilipokuwa na umri wenu.

Mnaijua mijakaranda ya njia ya kwenda bwaloni. Zamani zetu hatukuihesabu kuwa miti ya maua; kwetu ilikuwa kalenda. Ikianza kuchanua mwezi wa Oktoba, basi mtihani wa taifa umebisha hodi. Tulikanyaga maua yale ya zambarau asubuhi, midomo ikinong'ona kanuni za fizikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuyatazama. Tulipomaliza mtihani maua yalikuwa yamekwisha, na sisi tulikuwa tumefunga matranka tukisubiri gari. Ndivyo nilivyopita katika shule hii, na ndivyo nilivyopita katika mambo mengi.

Mwaka 2014 ofisi yangu ilinipeleka Japani kwa mafunzo ya muda mfupi. Nilifika Tokyo mwishoni mwa Machi. Siku ya tatu wenyeji wetu walitangaza kwamba mchana hakutakuwa na somo. Tunakwenda bustani ya Ueno kutazama maua. Nikadhani ni mzaha. Nilifanya kazi serikalini miaka kadhaa nikijua kwamba ofisi hufungwa kwa sikukuu, kwa msiba, au kwa ziara ya mkubwa. Sikuwahi kusikia ofisi ikitoka kwa sababu mti umechanua.

Tulikuta bustani imejaa watu maelfu. Kila ofisi ilikuwa imetandika turubai lake chini ya miti, na nikaambiwa kwamba mara nyingi mfanyakazi mgeni kuliko wote hutumwa tangu alfajiri kwenda kuwawekea wakubwa nafasi. Wakubwa wale walivua viatu, wakakaa chini pamoja na matarishi wao, wakala na kunywa. Juu yetu ilikuwa micheri, ambayo wao huita sakura, imefunikwa maua meupe yenye wekundu kidogo, bila jani hata moja. Desturi hii ni ya kale. Kule Kyoto tarehe za kuchanua kwa miti hii zimeandikwa tangu karne ya 9, na ndizo kumbukumbu zilizowasaidia wataalamu kujua jinsi hali ya hewa inavyobadilika: mwaka 2021 maua yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo. Katika karne ya 18 mtawala wao mmoja, Tokugawa Yoshimune, aliamuru micheri ipandwe kwenye kilima cha Asukayama ili watu wa kawaida nao wapate mahali pa kutazama maua. Na mwaka 1912 mji wa Tokyo uliwapelekea Wamarekani miche zaidi ya 3,000, ikapandwa Washington, na huko nako watu humiminika kila mwaka.

Lakini neno lililonigusa ni hili. Maua yale hukaa katika kilele chake wiki moja tu. Siku ya nane baada ya safari yetu kulinyesha mvua yenye upepo, na kesho yake njia zote zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga. Nikamwambia mzee mmoja aliyekuwa akitusimamia kwamba nasikitika. Akashangaa. Akaniambia: "Kwa nini? Ua limekwenda, mti upo." Halafu akaniuliza swali jepesi, la adabu tu: "Na ninyi kwenu, huwa mnatoka kwenda kutazama ua gani?"

Ndugu zangu, nikamjibu kwamba kwetu hatuna.

Niliyejibu hivyo ni mtoto wa Makete. Nilizaliwa na kukulia chini ya uwanda wa Kitulo, mahali ambapo wazee huita Bustani ya Mungu. Usiku ule sikulala vizuri.

Kwa wale wasiopafahamu, Kitulo ni uwanda wa majani ulio kwenye kimo cha meta 2,600 hivi, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Enzi zetu shuleni sehemu yake kubwa ilihesabiwa kuwa mkoa wa Iringa, na upande wa pili ulikuwa mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2012 Makete imo katika mkoa mpya wa Njombe. Juni hadi Agosti kule juu ni baridi kali, sakitu huanguka usiku, majani hukauka yakawa rangi ya ngozi ya simba, na mgeni akipita atasema hapa hapana kitu. Mvua zikianza Novemba, ardhi hubadilika. Kufikia Desemba mpaka Machi na Aprili uwanda mzima huchanua: okidi za kila rangi, maua marefu mekundu na ya manjano yaliyosimama kama vijinga vya moto, na mengine mengi ambayo sijui kuyataja. Wataalamu wamehesabu aina za mimea zipatazo 350, na kati yake aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Mbayuwayu wa buluu, ndege adimu, huja kuzalia pale wakati wa mvua, kisha huondoka kwenda kaskazini. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, nayo ni ya kwanza katika Afrika ya tropiki iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Hifadhi nyingine watu huenda kutazama tembo na simba. Hii huendewa kwa maua.

Kwa nini basi nilisema hatuna? Si kwa sababu sikuyajua maua yale. Nilisema hivyo kwa kuwa niliyajua kwa njia nyingine, na leo nitawaambieni jambo ambalo hata wale niliolala nao bweni moja hawakulijua.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Mwaka 1996 nilichaguliwa kuja shule hii, na mama alibaki na shamba dogo la viazi na pareto, na wadogo zangu watatu. Ada, godoro, tranka, sare, nauli ya kushuka kwa lori mpaka Chimala na ya basi kutoka Chimala mpaka hapa Iringa, vyote vilimwangukia yeye. Miaka ileile biashara mpya ilikuwa imeingia vijijini mwetu. Walikuja wanunuzi wakitaka viazi vidogo vya okidi, vilivyo chini ya ardhi, ukubwa wa kidole gumba. Wenzetu wa Zambia huvitwanga, huvichanganya na karanga, magadi na pilipili, huvipika mpaka vinashikamana kama mkate, nao ni chakula kinachopendwa sana kiitwacho chikanda. Kwao okidi zilikuwa zimeanza kuadimika, na walaji wa mijini walizidi. Basi magunia yakawa yanatoka kwetu, yanashuka mpaka barabara kuu, yanapita Mbeya, yanavuka mpaka pale Tunduma. Utafiti uliofanywa miaka ile ulikadiria kwamba kila mwaka vilivuka viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1.

Sehemu ya mamilioni hayo ilichimbwa na mama yangu. Alipanda mlimani alfajiri na jembe lililokatwa mpini, akainama mpaka jioni. Mimi nikiwa likizo nilikwenda naye na ndoo. Tulijifunza kuitambua mimea kwa majani na shina, maana shina ndilo linaloonyesha mahali pa kuchimba. Ua lenyewe tulilivunja tukalitupa. Halikuwa na bei. Ndoo ikijaa tulikwenda kwa mnunuzi, na fedha ile mama aliifunga kwenye pindo la kanga. Januari ilipofika niliileta hapa, nikaihesabu mbele ya karani wa shule, nikapewa stakabadhi.

Basi yule mzee wa Tokyo aliponiuliza tunakwenda kutazama ua gani, nilimwona mama ameinama. Nikaona haya.

Nataka niseme wazi: simlaumu mama, wala msimlaumu mtu yeyote wa kijiji chetu. Wakati ule hapakuwa hifadhi, na mtu mwenye mtoto aliyefaulu na mfuko mtupu hatazami ua. Hata hivyo kupenda kwangu mama hakunizuii kuona lililotendeka, na hapo ndipo ilipo tofauti kati ya maua ya Tokyo na yetu.

Mcheri ni mti. Ua lake likianguka, shina na mizizi hubaki, na mwaka ujao utachanua tena. Tena micheri mingi ya bustani zile ni ya aina moja iitwayo Somei Yoshino, na yote imezalishwa kwa kubebesha, yaani kila mti ulioko pale uliandaliwa na kupandwa kwa mkono wa mtu. Ndiyo maana huchanua pamoja kama waliopigiwa kengele. Mpita njia akichuma tawi amefanya utovu wa adabu, lakini hajaua kitu.

Okidi ya Kitulo haina shina la kudumu. Baada ya kuchanua, kila kilicho juu ya ardhi hufa. Kinachobaki ni kile kiazi, ambacho hukaa gizani miezi ya baridi kikisubiri mvua. Na utaratibu wake ni wa ajabu. Ukiifukua okidi wakati ina ua, mara nyingi utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa na kulegea. Hicho ni cha mwaka jana, kimetoa akiba yake yote kulisha ua unaloliona. Cha pili ni kigumu na kimejaa; hicho ni cha mwaka ujao. Mnunuzi alitaka kile kigumu. Sisi tulikitwaa kile kigumu, tukaacha kilichosinyaa. Yaani kila tulipojaza ndoo, tulikuwa tumebeba maua ya mwaka ambao haujafika.

Labda mtaniambia zipo mbegu. Zipo, tena kwa maelfu katika tumba moja, lakini ni ndogo kama vumbi na hazina akiba ya chakula ndani yake. Mbegu ya okidi haioti mpaka ikutane na kuvu fulani katika udongo wa kulisha, na hata ikiota huchukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Mahindi ukiyala yote leo, utakopa mbegu kwa jirani. Kilima kilichokwisha okidi hakina jirani wa kukikopesha.

Februari ya mwaka 2023 nilichukua likizo, nikamwendea mama kijijini. Sasa ni mzee, mgongo umepinda. Nikamwambia, "Mama, twende Kitulo." Akauliza, "Kuna nini?" Nikamjibu, "Maua." Alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mdogo nikasema nataka kuwa rubani. Lakini alivaa koti lake, tukapanda gari.

Tulifika uwandani saa nne, ukungu ulikuwa unainuka. Sitaweza kuwasimulia vizuri. Majani yalikuwa kijani mpaka mwisho wa macho, na ndani yake maua ya rangi ya waridi, meupe, ya manjano na ya chungwa, kila moja likitikisika peke yake kwenye upepo. Tandawala mmoja alitembea mbele yetu taratibu kama mwalimu wa zamu. Mama alisimama kimya muda mrefu. Halafu alianza kunionyesha kwa kidole: hii kiazi chake ni kidogo lakini kizito, hii ilipendwa na wanunuzi, hii tuliiacha, chungu. Aliijua yote. Nikamuuliza, "Na ua lake hili, mama, ulikuwa unaliona zuri?" Akanijibu, "Mwanangu, nilikuwa nahesabu ndoo. Leo ndiyo mara ya kwanza naliangalia."

Tulipokuwa tunarudi aliomba tusimame penye mteremko mmoja nje ya hifadhi, karibu na kijiji. Nilipafahamu mara moja. Ndipo tulipochimba mwaka nilipoingia Kidato cha Pili. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, majani yalikuwa marefu. Maua ya okidi hayakuwapo. Mama alitembea kidogo, akainama kwa mazoea, akasimama tena. Akasema, "Hapa hapakurudi." Miaka 26 ilikuwa imepita.

Ndugu Mwenyekiti, watu husema uzuri wa ua ni kwamba halidumu. Nilikuwa nikiliamini neno hilo, lakini sasa naliamini nusu. Ua lipite, hilo ni haki yake. Yule mzee wa Tokyo aliyaona maua yakianguka bila huzuni kwa kuwa alijua mti upo. Kitulo nayo hufa kila Mei, na hatulii, kwa sababu kiazi kipo chini. Kinachotia uchungu ni kile tulichokiondoa chini tukidhani tumechukua cha mwaka mmoja. Na ninyi vijana ni hivyohivyo: mtakaa hapa miaka minne au sita, mtapita, wengine watalala vitanda vyenu. Hilo si baya. Baya ni sisi tuliopita kuishi kwa kula akiba ya wanaokuja.

Kwa hiyo sikuja na maua matupu. Nimekuja na maombi mawili kwa Umoja wetu.

Ombi la kwanza. Kila Februari tulipie magari ya kuwapeleka Kidato cha Tatu Kitulo. Nimetaja Kidato cha Tatu kwa kuwa hawana mtihani wa taifa, na nimetaja Februari kwa kuwa maua hayangoji likizo. Kila Juni tulipofunga shule, yalikuwa yamekwisha. Watoke hapa Ijumaa alfajiri, waache barabara kuu pale Chimala, wapande ile njia yenye kona 57, walale Matamba, Jumamosi washinde uwandani, Jumapili warudi. Yawe magari madogo, maana kona zile si za basi kubwa. Sitaki waandike insha. Nataka watazame.

Ombi la pili ni zito zaidi. Tangu mwaka 2016 serikali imefuta ada kwa Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne, na baadaye cha Tano na cha Sita. Ni jambo kubwa; lingekuwapo wakati wangu, mteremko ule pengine ungekuwa na maua. Lakini mwalimu yeyote hapa atawaambieni kwamba bado kuna sare, godoro, madaftari na nauli, na bado kuna mama anayehesabu ndoo. Uchimbaji haukukoma kwa kutangazwa hifadhi, ulihamia kwingine. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, kuzivusha mpaka kunahitaji kibali, na sheria ni nzuri. Lakini sheria haimnunulii mtoto godoro. Naomba tuanzishe mfuko mdogo, usio na jina la mtu, wa kumsaidia mwanafunzi yeyote ambaye Mwalimu Mkuu atatueleza kwamba kwao wanauza cha mwaka ujao ili asome mwaka huu. Iwe ni okidi, iwe ni ng'ombe wa mwisho, iwe ni shamba.

Mimi nimeanza. Nilitafuta kwenye karatasi zangu stakabadhi ya ada ya mwaka 1997, nikaipata, imekunjwa mara nne. Sitawaambia ni kiasi gani. Nimempa Mtunza Hazina fedha inayonunua leo kile ambacho fedha ile ilinunua wakati ule, na kidogo zaidi. Sijalipa deni, mteremko ule hauwezi kulipwa. Lakini stakabadhi nimeirudisha mahali pake.

Ninyi Kidato cha Nne, nimesikia wiki hii mijakaranda imeanza kuchanua. Mkitoka hapa mkielekea bwaloni, tazameni chini kidogo. Fizikia haitakimbia.